Udongo wa Chavakali kwenye Chai ya Mzee Gerishom

Al Baraha, Deira,
Dubai.
Jumamosi, 8 Novemba 2014

Mpendwa Senge Dorah, shangazi yangu,

Pokea salamu zangu kabla hujakasirika. Najua umekunja uso tangu ulipouona mwandiko wangu kwenye bahasha, lakini salamu hazina kosa lolote, kwa hiyo zipokee kwanza halafu tutagombana. Goti la kushoto linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaitumia, au umeificha kabatini ukingoja ugonjwa mkubwa zaidi? Ng'ombe amezaa? Na kwaya ya akina mama bado inaimba, au mlishaachana kwa ajili ya zile sare?

Mimi ni mzima. Joto limepungua, sasa mtu anaweza kungoja basi la kazini bila kuiva. Kazi ni ile ile, ulinzi wa ghala kule Jebel Ali, kukagua mifuko ya wanaotoka na kuwaita watu sir na madam kutwa nzima. Miguu inauma jioni, lakini nalala vizuri na nakula vizuri. Hilo la kula vizuri nimeliandika makusudi, kwa sababu nataka tuzungumzie tumbo langu.

Nimeamua kuandika barua kwa kuwa kwenye simu hunipi nafasi. Mara ya mwisho uliniuliza tumbo lina miezi mingapi, ukasema siku watu wa Severin watakapokuja kuniposa hutatoka nje ya nyumba yako, ukakata. Nilibaki na simu sikioni nikisema halo Senge, halo Senge, mbele ya foleni nzima ya madereva wa malori. Karatasi huwezi kuikata. Isaiah, yule kijana wa Mwalimu Samuel, anakuja likizo, naye ndiye atakayekuletea barua hii pamoja na kopo. Tafadhali usilifungue kopo mpaka umalize kusoma. Nakujua, umeshalitikisa.

Senge, sina mimba. Nalisema hapa juu ili uvute pumzi. Tumbo langu lina chapati na maharage, basi. Huku mwanamke asiye na ndoa akipata mimba anapelekwa gerezani, kwa hiyo hata kama ningekuwa na ujinga huo, woga ungenitosha. Aliyekupigia simu kutoka huku namjua na tutaonana. Lakini ukitaka kujua uvumi huo ulianzia wapi, ulianzia kwako mwenyewe, kwenye lile kopo.

Unakumbuka siku naondoka? Uliniingiza chumbani kwako, ukafunga mlango, ukanipa kopo la mafuta ya kupikia ya Kimbo lililojaa udongo mwekundu wa pale nyuma ya jiko, uliouanika na kuuchekecha mpaka ukawa laini kama unga. Ukaniambia kule ni kwa Waarabu, Mungu wetu hana kawaida ya kupita huko, kwa hiyo kila nikitaka kuomba nimwage udongo kidogo, nivue viatu, nisimame juu yake, ndipo Nyasaye atakapojua ni mtoto wa Chavakali anayemwita. Sikubisha. Nani anabishana na wewe mlango ukiwa umefungwa?

Sijawahi kukusimulia yaliyonipata uwanja wa ndege. Afisa wa forodha alilifungua kopo, akanusa, akaniuliza hiki nini. Nikamwambia udongo. Akauliza wa nini, nikamwambia wa kuombea. Akanitazama, akalitazama kopo, akamwita mwenzake, na mwenzake akamwita wa tatu. Wallahi walicheka, Senge, hadi mmoja akajishika mbavu. Katika watu wote wanaoingia nchi hii na mizigo yao, wamempata mtu anayeleta mchanga Dubai! Wakanirudishia kopo langu, yalla, pita. Jambo la kwanza nililoifanyia nchi hii ni kuichekesha.

Udongo wako niliutumia kama ulivyoagiza. Nilikuwa naumwaga kwenye sinia, nasimama juu yake miguu mitupu, nikimaliza naurudisha koponi bila kupoteza hata punje. Wenzangu chumbani walizoea. Yuliana, anayelala kitanda cha chini yangu, alikuwa akiniuliza kama nimeshapanda shamba langu leo. Mambo yaliharibika kabati lilipojaa, nikalihamishia kopo jikoni.

Hapa kwetu ndipo tunapofanyia ushirika kila Ijumaa, maana huku Ijumaa ndiyo Jumapili. Watu wanakuja kutoka kambi zao za wafanyakazi, tunabanana sebuleni, tunaimba kwa sauti ya chini ili majirani wasilalamike. Mwenyekiti wetu ni Mzee Gerishom, mtu wa Bungoma, msimamizi wa walinzi. Ni mzee mwema, ila akishika jambo halibanduki. Ijumaa moja mwezi uliopita aliwahi kufika, akajikaribisha jikoni, akajitengenezea chai. Huwa anapenda chai yenye kakao. Akaliona kopo, akalifungua, akakuta unga mwekundu, laini, mkavu. Alitia vijiko viwili, Senge. Vile vikubwa.

Watu walipokwisha kujaa sebuleni nilimkuta amebakiza kidogo tu kikombeni na bado anasifu. Alisema chai ya leo ina uzito, ina nguvu ya nyumbani, hata akaniuliza hii kakao ni ya kampuni gani. Na mimi kwa mdomo huu nilioutoa kwako, badala ya kunyamaza nikapiga kelele, "Mzee, huo ni udongo wa Senge!"

Ungeona alivyokitazama kikombe. Sebule nzima iligawanyika papo hapo. Wanaume walisema ni uchawi, mtu hawezi kuhifadhi udongo wa kwao kwenye kopo kwa nia njema. Wanawake wao walinitazama tumboni. Wewe unajua, kwetu mwanamke akikutwa na udongo au yale mawe ya kutafuna ya sokoni, hakuna anayeuliza swali la pili. Kabla wimbo wa kwanza haujaanzishwa nilikuwa mchawi kwa wanaume na mjamzito kwa wanawake, na hakuna aliyeniuliza mimi napendelea lipi. Habari ya wanawake ndiyo iliyokimbia mpaka Chavakali. Gerishom alikunywa maji jagi zima, akatangaza kwamba nitasikilizwa Ijumaa inayofuata, na kabla ya hapo asiulizwe habari za kusimama mzee wetu kanisani siku ya ndoa yangu na Severin, mwezi wa kwanza.

Wiki hiyo sikulala vizuri. Siyo kwa ajili ya Gerishom, ni kwa ajili yako, maana simu yako iliingia Jumatatu. Nilijua ukishaamua kutotoka nje, hutoki. Na kwetu binti hana mdomo siku ya kuja wageni, mdomo wake ni senge yake. Baba hayupo, Mama hayupo. Wazee wa Severin wakifika kutoka Kibosho kwa Wachaga na basi zima la shemeji, wamkute nani? Kuku?

Basi Ijumaa ikafika. Gerishom alitandaza gazeti juu ya meza ya sebuleni, akaumwaga udongo wote hapo, akaanza kuupekua kwa kijiko akitafuta hirizi, mfupa au nywele. Hakupata kitu isipokuwa ganda dogo la njugu, na hilo nalo alilitenga pembeni, akalitilia shaka. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nikawauliza, hamkumbuki yule jemadari wa Shamu aliyeponywa ukoma mtoni? Aliomba apewe udongo wa Israeli, mzigo wa nyumbu wawili, aupeleke kwao ili amwombe Mungu wa Israeli akiwa juu yake. Nabii hakumwita mchawi, alimwambia aende kwa amani. Yeye nyumbu wawili, mimi kopo moja la Kimbo. Nani kazidisha?

Watu waliitikia kwa vichwa, wakaanza kulegea. Nikadhani nimeshinda. Ndipo Gerishom akaniuliza kwa upole, na upole wake ni mbaya kuliko ukali, "Dada Caren, kwa hiyo wewe unaamini Mungu hayuko Dubai?" Senge, nipigie hesabu wewe. Nikisema yupo, udongo wa nini? Nikisema hayupo, tumekuwa tukimwimbia nani kila Ijumaa?

Hapo ndipo Severin aliposimama kuniokoa, na ndipo nilipozama. Severin umemsikia kwenye simu tu, ukasema Kiswahili chake kimepigwa pasi. Ni karani wa stoo pale pale ghalani kwetu, lakini unajua alikaa seminari miaka mingi kabla ya kuacha, nusu padri kama unavyomwita, na watu waliosomea Mungu wana shida moja: ukiwauliza saa, wanakueleza jua lilivyoumbwa. Alikuwa amekaa karibu na mlango, Mkatoliki peke yake katikati ya walokole. Akasema jamani, huyu jemadari hakukosea, zamani zile watu wote wa kule walifikiri hivyo. Kila taifa lilikuwa na mungu wake na kila mungu alikuwa na eneo lake. Moabu wake, Amoni wake, Edomu wake. Akawapigia mfano wa sisi walinzi: geti hili la huyu, geti lile la yule, ukivuka mpaka umeingia lindo la mwenzio. Watu wakaelewa haraka, maana nusu ya sebule ni walinzi.

Angekaa chini hapo, ningemnunulia soda. Akaendelea. Akasema wataalamu waliochunguza nyimbo za kale kabisa wanaona kwamba Yahwe, yule tunayemwita Yehova, kwa jina hilo hakuwa mwenyeji wa Kanaani. Wenyeji walikuwa wakimwabudu El, mzee mwenye mvi, mkubwa wa miungu yote, na ndiyo maana hata taifa lenyewe linaitwa Israeli, kwa jina la El. Yahwe alitokea kusini, jangwani, pande za Seiri na Midiani, na nyimbo zinasimulia akitoka huko na dhoruba, milima ikitetemeka. Watu wake wakaja naye. El akiwa ndiye arbab, bosi mwenye mali, akayagawa mataifa, na huyu mgeni akapewa Israeli kuwa lindo lake.

Gerishom alivua miwani. "Ndugu Severin, unatuambia Mungu alikuja kutafuta kazi?"

Na mjinga wangu akajibu, "Kwa namna fulani, mzee, ndiyo."

Weee! Sikujua walokole wanaweza kupiga kelele vile na majirani wakanyamaza. Severin akanyoosha mikono akisema hebu subirini, sijamaliza, baadaye watu walitambua kwamba El na Yahwe ni yule yule mmoja. Wakatulia kidogo. Kumbe alikuwa anatafuta pa kuwekea lile kubwa. Akasema kuna mitungi iliyochimbuliwa kwenye kituo cha kale cha wasafiri jangwani, imeandikwa baraka kwa jina la Yahwe na Ashera wake, na wataalamu hadi leo wanabishana kama huyo Ashera ni mke au ni mti wa ibada.

Halafu Yuliana, aliyekuwa anasinzia tangu mwanzo, akainua kichwa na kuuliza kwa uchungu wa kweli, "Kwa hiyo alimwacha lini?"

Sikuweza, Senge. Nilicheka mpaka nikaketi sakafuni. Nilicheka kwenye kesi yangu mwenyewe. Gerishom alisema jambo hili limevuka uwezo wa ushirika, udongo ubaki pale pale mezani bila kuguswa mpaka mchungaji aje Ijumaa nyingine auone kwa macho yake. Sala ya kufunga ilikwenda mbio kwa sababu chapati zilikuwa zinapoa.

Severin nilimkalipia ngazini hadi ghorofa ya chini. Nilimwambia nilikuwa na kosa moja la udongo, sasa nina udongo, mimba na mke wa Mungu. Alinisikiliza mpaka mwisho, ndiyo tabia yake, wewe mwenyewe utampenda kwa hilo, maana hatakukatiza kamwe. Nilipochoka akaniambia sehemu aliyotaka kuifikia ni ya mwisho, na ndiyo hawakumwacha aifikie. Nikamwambia haya imalizie hapa, mbele ya mapipa ya taka, labda hayo yatakuvumilia.

Akasema, jeshi la Babeli lilipokuja likalichoma hekalu la Yerusalemu, kwa hesabu za watu wa zama zile yule mungu alikuwa amekwisha. Geti limebomolewa, lindo hakuna, khalas. Watu wake wakachukuliwa kwenda kufanya kazi nchi ya watu, mbali, chini ya wakubwa wenye lugha nyingine. Wakaketi kando ya maji wakilia, wakiulizana wataimbaje nyimbo za kwao ugenini. Na huko huko, kando ya mfereji wa Babeli, nabii Ezekieli akaona kiti cha enzi kinakuja kutoka kaskazini, na kiti kilikuwa na magurudumu. Magurudumu, Senge! Umekuwa ukisoma Maandiko tangu sijazaliwa, mbona hukuniambia hilo? Kuanzia hapo, anasema Severin, ndipo walipoanza kutamka wazi kwamba huyu si wa kwao tu, hakuna mwingine, mbingu na nchi zote ni zake. Walilijua hilo siku walipokosa udongo wa kusimamia.

Na maji ya mito ya Babeli, akaniambia, yanashuka mpaka kwenye bahari hii hii unayoiona ukiwa Jebel Ali. Nilikaa kwenye ngazi. Hasira ilikuwa imeniisha lakini sikumwambia.

Sasa sikiliza kilichofuata, na ukae chini kwanza. Kesho yake, Jumamosi, nilikuwa kazini. Jengo letu lina msafishaji, Muzamiru, Mganda, kijana mchapakazi mno, anayelichukia vumbi kama adui yake. Huku mchanga unaingia hata dirisha likiwa limefungwa, na yeye ameapa kupambana nao. Akaingia sebuleni, akakuta gazeti mezani na rundo la udongo juu yake. Niliporudi jioni meza ilikuwa inang'aa na kunukia dawa. Nikamuuliza, Muzamiru, vitu vilivyokuwa hapa viko wapi? Akatabasamu, akitegemea kusifiwa. Akasema nimewatolea uchafu wote, dada, hata nilishangaa nani ametoka shamba na viatu vya matope akapanda hapa juu. Gari la taka lilikuwa limeshapita.

Nililia, Senge. Nililia hata Muzamiru naye akaanza kulia bila kujua analilia nini. Sikuweza kumweleza. Nilifikiri juu ya mikono yako inayochekecha ule udongo, na goti lile ulilopiga pale nyuma ya jiko kuuchota, na mimi nimeuacha ukaliwa na gari la taka la Deira. Kopo nililikuta limeoshwa na kufunikwa kwenye beseni.

Jumapili asubuhi, kabla ya basi la kazini, ilikuwa saa ya kuomba. Sinia lilikuwa tupu. Nikavua viatu kwa mazoea, nikasimama kwenye vigae vya sakafu, baridi ikanipanda mpaka magotini. Nikamwambia Mungu sina pa kusimama, ni hapa tu. Nikaanza na wewe na goti lako kama kawaida. Sitakudanganya kwamba niliona mwanga au nilisikia sauti. Nilihisi vile vile nilivyokuwa nahisi nikiwa mdogo jikoni kwako, wakati ulipokuwa unaomba muda mrefu mpaka maharage yanaungua na mimi naogopa kukuambia. Alikuwepo. Hakuonekana kupotea njia.

Basi nataka kubishana na Severin na wewe kwa pamoja. Mimi sikubali kwamba Mungu alianza mahali fulani kama mtu anayefungua duka. Nafikiri yeye alikuwa yule yule siku zote, ila watu ndio walikuwa wanamjua kidogo kidogo, leo kama mwenye mlima huu, kesho kama mwenye taifa hili, mpaka wakachoka kumpimia mipaka. Severin anasema wataalamu wenyewe hawaelewani kwa mengi na kwamba jibu langu linatosha kwa ngazini. Nimemwambia ashukuru.

Na wewe, Senge, nikuulize. Ulinisimulia kwamba babu yako alikuwa akitoka asubuhi, anatema mate kuelekea jua linapochomoza, anamwita Nyasaye abariki siku. Hakuwa amesikia habari za Yerusalemu hata kidogo. Halafu wamisionari wa Marafiki wakaja Kaimosi na Kitabu, wakasema huyu Yehova wa humu ndani ndiye Nyasaye wenu. Mkakubali, mkaimba, mkajenga kanisa. Hakuna aliyesema arudi kwao jangwani. Ikiwa alisafiri kutoka Seiri mpaka Yerusalemu, akaenda Babeli kwa kiti cha magurudumu, akafika hadi Chavakali kwenye mlima wote ule na akakuta tayari mna jina lake, Dubai itamshinda nini? Hapa palikuwa njiani.

Nisisahau. Jumatano ya wiki hiyo hiyo Gerishom alibisha hodi jioni akiwa na mfuko wa machungwa. Aliketi, akauliza habari za kazi, akauliza habari zako, akauliza habari za Severin. Nikajua kuna jambo. Mwishowe akainama akasema tumbo lake, lile lililomsumbua tangu afike nchi hii, limetulia kabisa tangu Ijumaa ile ya chai. Akaniuliza kama umebaki hata kijiko kimoja. Senge, nilimtazama kwa furaha ambayo si ya Kikristo. Nilimwambia Muzamiru ameutupa wote, akasikitika kuliko mimi. Ijumaa alisimama mbele ya watu wote, mchungaji akiwemo, akasema Dada Caren si mchawi, wala si mjamzito, na yeye mwenyewe atasimama mzee wetu kanisani. Kuhusu Ashera aliomba tusiulizane tena.

Severin anakusalimu. Anataka niandike shikamoo, nimemwambia kwetu hatushiki miguu ya watu lakini nitaiweka, kwa hiyo shikamoo. Nisalimie Mwalimu Samuel na mkewe, nisalimie akina mama wa kwaya wote, hata yule wa sare. Mwambie Mjomba Hesbon aache kuuliza kama Wachaga wanatahiri. Ng'ombe akizaa ndama jike, umwite Babeli.

Sasa ni kopo, na hapo nimalizie. Lifungue. Ni lile lile ulilonipa, na ndani yake ni mchanga wa hapa, nimeuchota mwenyewe nyuma ya ghala Jebel Ali wakati wa mapumziko, na madereva wakaniuliza kama nimepatwa na jua. Usiliweke jikoni, nakuomba, kwa sababu Isaiah anapenda chai. Jumamosi ya tarehe kumi na tatu mwezi wa Desemba wazee wa Severin watafika hapo mlangoni, na sisi wawili hatutakuwepo kwa sababu likizo hatukupewa. Umwage mchanga huu mlangoni, uvue viatu, usimame juu yake, uwaambie mimi ni mtoto wako na umekubali. Wewe uliniwekea udongo ili Mungu ajue nimesimama wapi, Senge, na yeye alikuwa anajua tangu mwanzo. Wewe ndiye uliyekuwa hujui, na wewe ndiye niliyekuwa nakulilia. Njoo usimame nilipo.

Nyasaye, mwenye jangwa na mwenye mlima, alinyooshe goti lako mpaka siku hiyo.

Ni mimi mtoto wako, nikupendaye hata ukikata simu,
Caren